Kidoa Mgongoni mwa Baba

Kila jioni, baba akishatoka kazini na kuoga, Kasuku alimchua mgongo kwa mafuta. Baba alikuwa fundi mwashi, na kubeba matofali kutwa kulimkaza misuli ikawa kama ubao. Kasuku alikuwa binti yake wa darasa la sita, na jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Jioni moja vidole vyake viligusa kitu chini ya bega la baba. Kilikuwa cheusi, kinene na kikavu, kama tone la nta lililogandia ngozini. Pembeni kilivuja damu.

"Baba, hiki nini?"

"Aa, kidoa tu cha utu uzima. Shati limekikwaruza." Baba akashusha sauti. "Mama yako asijue. Ataangua kilio kama tumefiwa."

Kasuku akaendelea kumchua. Lakini mwalimu wa sayansi aliwahi kuwaambia kwamba doa jeusi linalokua au kutoa damu huweza kuwa saratani ya ngozi. Usiku huo alikichezea chakula kwa vidole.

"Mwenzetu leo amefunga mdomo na kumeza ufunguo?" mama akatania. Baba akacheka. Kasuku aliinamia sahani, machozi yakimlenga.

Kesho yake, mama akiwa uani anaanua nguo, baba alimwita Kasuku chumbani. Alikuwa amevua shati, na mkononi ameshika wembe mpya.

"Mimi sifikii, mwanangu. Kikate upesi, halafu nipake spiriti. Ni kama kung'oa mwiba."

Kasuku akautazama wembe. Akikataa, amemkosea baba adabu. Akikubali, je? Aliupokea wembe, akauficha nyuma yake.

"Nisamehe baba, siwezi," alisema, kisha akapaza sauti, "Mama! Njoo!"

Mama akaingia mbio, nguo begani. Akautazama ule mgongo. Hakulia.

"Vaa shati," alimwambia mumewe. "Twende hospitali."

Daktari wa ngozi alikikagua kwa lenzi yenye taa kwa muda mrefu, hadi mama akaanza kuuma midomo.

"Kinafanana na kinyama cha kawaida kinachokuja na umri," alisema hatimaye. "Lakini kimetoa damu, na kwa macho tu siwezi kuapa. Nitakupiga ganzi, nikikate chote, kipimwe maabara."

Siku za kusubiri majibu zilikuwa nzito. Baba alikaa akitazama ukuta, na Kasuku akadhani amemkasirikia.

Siku ya majibu waliingia wote watatu.

"Mzee, si saratani," daktari alisema. "Ni kinyama tu, hakina madhara."

Mama akashika meza. Baba akapumua kwa nguvu. "Kumbe! Basi ningekikata mwenyewe, nisingehangaika."

"Hapana, mzee. Kwa mtu mwingine, kinachofanana hivi hivi huwa saratani. Ungekikata ukakitupa, tungepima nini? Ugonjwa ungebaki ndani ukikutafuna."

Baba akainamisha kichwa. Nje ya mlango alimshika binti yake mkono.

"Nilikasirika kweli, mwanangu, ila sikukukasirikia wewe. Nilijikasirikia mwenyewe kwa woga wangu. Niliogopa jibu, nikataka kukubebesha wewe mzigo wangu. Mtoto mwenye heshima husikiliza wakubwa, lakini hafichi hatari kwa ajili yao. Ukiona jambo la kudhuru afya ya mtu, sema, hata kama aliyekukataza ni baba yako."