Pazia la Bi Hadikwa

Mtunzamajina ulikuwa mtambo wa ukubwa wa kabati la vyombo, lakini tovuti zote za nchi zilisajiliwa ndani yake. Mtu akisajili tovuti, mtambo ulipokea jina lake, simu yake na nyumba anayoishi, kisha kufumba na kufumbua ukavifunika vyote kwa pazia la tarakimu. Sheria ilitaka pazia lifunuliwe kwa amri ya hakimu, na mwenye tovuti ajulishwe papo hapo. Kiganja kilichoweza kulifunua kilikuwa kimoja tu katika jiji la Mtakuja, cha Mhandisi Eliwaza.

Siku hiyo, saa saba mchana, Mkurugenzi Kisimbo aliingia na orodha ya tovuti arobaini.

"Wakubwa wanataka kuwajua wenyewe. Weka kiganja, binti yangu."

"Amri ya hakimu iko wapi, mzee?"

"Inachapwa. Au nikawaambie Eliwaza amegoma?"

Eliwaza hakutaka kusemwa amegoma. Hata orodha hakuisoma. Aliweka kiganja, taa ya kijani ikawaka, mapazia arobaini yakafunuka kwa pamoja.

Jioni alikuta majirani wamesimama mbele ya nyumba ya Bi Hadikwa.

"Polisi wamemchukua saa nane," mmoja alimwambia. "Mpaka mlango wa uani waliujua!"

Bi Hadikwa alikuwa jirani yake, mkunga mstaafu. Mwaka ule Eliwaza alipolazwa na homa wiki mbili, kila asubuhi bibi huyu alimletea uji wa ndimu, na chupa akaiosha mwenyewe ili mgonjwa asiinuke. Siku hizi alikuwa anapima maji ya matangi mapya, yaliyowaharisha watoto wa mtaa, na kutangaza vipimo kwenye tovuti yake. Aliyemsajilia ni Eliwaza, barazani kwa bibi.

"Niandike nyumba yangu kabisa, mwanangu?"

"Andika, bibi. Ukidanganya, mtambo utaifuta tovuti. Na nani ataona? Ufunguo si ninao mimi?"

Kesho yake, Eliwaza alifungua kumbukumbu ya tovuti ile. Jina la Bi Hadikwa lilikuwapo, na nyumba yake. Lakini mahali pa msaidizi wa ufundi, ambapo Eliwaza alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, palikuwa patupu.

"Nani amefuta hapa?" aliuliza.

"Mwenye tovuti," mtambo ulijibu. "Jana, dakika tatu baada ya kujulishwa."

Bi Hadikwa alikuwa na karibu saa nzima ya kukimbia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumficha Eliwaza.

Eliwaza aliinamisha uso kana kwamba mtambo ulikuwa na macho. Kisha akaliandika jina lake upya, herufi kwa herufi, akaenda nyumbani kupika uji. Ulitoka na mabonge, lakini aliutia chupani akaupeleka kituoni.

Askari wa zamu alifungua daftari la wageni. "Wewe ni nani wake, dada?"

Alitaka kusema jirani. Akaghairi.

"Andika Eliwaza," alisema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha nyumba yake. Naomba uji huu aupate ungali wa moto."