Tramu Haina Usukani

Mume wangu, Efraín, ana maneno yanayonichosha: "Sasa hivi tu."

Kila asubuhi tunapeleka mikate kwenye maduka ya mtaa wa Gran Colombia, hapa mjini Cuenca. Barabara ni nyembamba. Tramu, ile treni nyepesi ya umeme, inapita hapo hapo kwenye reli zake. Na Efraín anaegesha gari letu wapi? Juu ya reli!

"Efraín, toa gari!"

"Sasa hivi tu, Rosaura. Nashusha vikapu viwili."

Akishashusha, anasimama kupiga soga na mwenye duka. Nyuma yake kengele ya tramu inalia mpaka masikio yanauma. Wala hayuko peke yake. Leo ni teksi, kesho ni gari la kuuza mitungi ya gesi, na wote jibu lao ni hilo hilo.

Mama yake, Mama Targelia, ni mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki anapanda tramu kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Akichelewa, muda wake unakatwa, kwa sababu mgonjwa mwingine anasubiri mashine hiyo hiyo. Mwezi mmoja alichelewa mara nyingi, tramu ikikwama njiani. Alirudi uso umevimba, hata ngazi za nyumbani zikamshinda.

"Tramu gani hii!" Efraín alifoka. "Itaniulia mama!"

Jamani, nilitamani kumpiga kwa mkate.

Jirani yetu Nube ni dereva wa tramu. Asubuhi moja alikuja akaikuta njia imezibwa na gari letu. Akapiga kengele. Efraín akampungia mkono.

"Zunguka tu, jirani! Nafasi ipo!"

Nube akachungulia kwenye kidirisha chake. "Nizunguke na nini? Tramu haina usukani, Efraín! Basi linaweza kukukwepa, mimi siwezi. Ukiziba hapa, nasimama mimi, na tramu iliyo nyuma yangu, na iliyo nyuma yake."

"Dakika moja tu, mbona mkali hivyo?"

"Dakika yako, dakika ya teksi, dakika ya gesi! Na siku nikija kwa kasi, usidhani nitasimama papo hapo. Chuma kinateleza juu ya chuma. Nahitaji nafasi ndefu ya kusimama kuliko gari. Hebu mwangalie niliyembeba!"

Efraín akatazama ndani kupitia kioo cha tramu. Mama Targelia alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkono kifuani, akihangaika kuvuta pumzi. Efraín alirukia gari akaliondoa, vikapu vikabaki barabarani.

Nyumbani sikumwacha. "Kumbe tramu ndiyo mbaya, siyo?"

"Basi, Rosaura. Nimeelewa."

Siku hizi tunaegesha uchochoroni, mikate tunaisukuma kwa toroli. Efraín analalamikia mgongo, lakini anasukuma. Amezungumza na wenye maduka, nao wamewaambia wanaowaletea mizigo wafanye vivyo hivyo. Mwenye teksi akijaribu kusimama relini, Efraín ndiye wa kwanza kumpigia kelele.

Tramu inapita bila kukwama. Mama Targelia anamaliza muda wake wote kwenye mashine.

Jumamosi alipanda ngazi mwenyewe, akaingia jikoni, akaonja mkate wangu.

"Hauna chumvi," akanuna.

"Chumvi daktari kakukataza, Mama."

"Daktari hajui kupika!"

Alinigombeza mpaka chakula kikaiva. Sijawahi kugombezwa nikafurahi namna ile.