Jani la Isale Kwenye Sweta la Ebenezeri

— Wifi, umefanya nini? Baba anachinja mbuzi.

Winfrida alibana simu kati ya sikio na bega, mikono yote miwili iko kwenye mashine ya kufuma. Nje mvua ya vuli ilikuwa inapiga mabati ya soko la Moshi, na alidhani hajasikia vizuri. Huko Machame, Yuditha, mke wa kaka yake, alikuwa amesimama kwenye migomba ya kona, mahali pekee pa kihamba chao, shamba la ukoo, ambapo mtandao unashika.

— Mbuzi wa nini?

— Wa kwako. Anasema umeomba msamaha. Ameshika jani la isale tangu asubuhi, hataki hata kuliweka chini.

— Sijamtumia baba jani lolote.

— Lilikuja limefungwa kwenye sweta la Ebenezeri. Alilipokea mwenyewe stendi, mimi nilikuwa kwenye kahawa.

Vocha ya Yuditha ikaisha hapo hapo. Winfrida akabaki na simu begani kama fundi aliyesahau kipimo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupanda huko kwetu, isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu hadi huna pa kuanzia, unakata jani lake unampelekea. Aliyepelekewa hakatai. Hata kama alikuwa ameapa mbele ya ukoo, akishalipokea amesamehe. Ndiyo maana watu hawalichezei.

Na Winfrida alikuwa radhi ale mkaa kuliko kumpelekea baba yake isale.

Baba mwenyewe ni mzee Aminieli, mzee wa kanisa, mtu wa kahawa na ng'ombe wa maziwa, koti lake la Jumapili halina hata kikunjo. Bei ya kahawa ilipoporomoka, Winfrida alitoa mashine ya kufuma ya marehemu mama yake, akaanza kufuma masweta ya wanafunzi na kwenda kuyauza stendi. Mzee aliona amevuliwa nguo. Binti wa Aminieli kupanga masweta chini kama mtu asiye na kwao! Siku moja binti akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, mzee akaiuza ile mashine. Winfrida aliporudi alisema maneno yake, mbele ya wageni, na mzee akajibu yake.

— Usirudi hapa mpaka uje na isale.

— Basi nitazeekea mjini.

Akashuka Moshi na sanduku. Akafulia watu, akauza ndizi, mwisho akanunua mashine yake mwenyewe na kupanga fremu karibu na soko. Miaka ikapita. Baba alikuwa anasubiri jani, binti alikuwa anasubiri mashine. Mimi nawaambia, hao wawili wamefanana hadi wanavyonyamaza.

Sasa Isack. Isack ni mchora mabango, Mchaga wa Temeke, kwao Machame alipajua kwa Krismasi tu. Biashara huria ilipofungua kila mlango wa Moshi kuwa duka, alihamia huku na brashi zake, na kila duka likahitaji jina. Alipokuja kuchora jina la duka la Winfrida alikaa siku nyingi kuliko kazi yenyewe. Herufi moja alikuwa anaipaka, anaifuta, anaipaka tena, hadi majirani wakaanza kucheka. Mwishowe alisema analotaka, na Winfrida akakubali. Lakini wazee wa Isack wangepeleka wapi posa? Winfrida alisema haolewi kutokea fremu ya kupanga. Ataolewa kutokea kwao, akitolewa na baba yake, au haolewi. Isack alipouliza ugomvi ulikuwa wa nini, alijibiwa kwamba ni mambo ya zamani. Habari ya isale hakuambiwa kamwe, maana kiburi hakipendi kusimulia.

Basi Isack akaona asaidie kwenye biashara. Vuli ilikuwa inaua duka. Watu wako mashambani kupanda maharage, na mitumba imejaa masweta ya Ulaya kwa bei ya bure.

— Usishindane na mitumba, alimwambia. Mitumba haina jina la mtu.

Akamweleza. Desemba Wachaga wote wanapanda mlimani. Wajukuu wa Dar wanashuka kwenye basi na vifulana, wakifika Machame usiku wanalia baridi. Nani anaumia? Bibi. Basi bibi aagize sasa hivi, wakati wa mvua, sweta lenye jina la mjukuu kifuani, limngojee mtoto kitandani. Isack akachora bango: VULI HII, MJUKUU ASITETEMEKE. AGIZA SWETA LENYE JINA LAKE. Tangazo likasomwa baada ya ibada, makanisa ya Kilutheri na ya Kikatoliki, na mabibi wakaanza kuteremka na majina ya wajukuu wao. Winfrida alifuma Julius, alifuma Victoria, na kwa Ebenezeri herufi zilianzia kwapani zikaishia kwapa la pili. Alifuma akiimba. Sweta la Ebenezeri aliliagiza Yuditha, mama yake, kwa siri, na Winfrida alilifuma kwa uzi mzuri kuliko yote.

Halafu akaenda Arusha kufuata uzi, akamwachia Isack kazi ya kufunga na kupakia kwenye magari. Hapo ndipo palipoharibika.

Jioni ya siku ile ya simu ya Yuditha, Isack aliingia dukani akitabasamu, rangi ya bluu kwenye nyusi.

— Umeona nilivyoyavalisha masweta? Nimeweka alama ya mlima.

— Umeweka nini?

— Yale majani. Marefu yale. Nimefunga moja kwenye kila kifurushi. Mtu akipokea ajue limetoka kwetu.

Winfrida alisimama polepole.

— Isack, unajua isale ni nini?

Hakujua. Alipoelezwa, tabasamu lilimtoka, lakini Winfrida hakuliona hilo. Yeye alikuwa anaona mbuzi wa Machame na baba yake akizunguka kihamba na jani mkononi, akiwaambia majirani kwamba binti amenyenyekea.

— Ulijua, alisema. Ulichoka kusubiri. Ukaona unipigishe magoti bila mimi kujua, ili posa yako ipite.

— Win, sikujua.

— Mchaga gani hajui isale?

— Huyu. Mbele yako.

— Umeniombea msamaha kwa mtu aliyeuza mashine ya mama yangu. Na hao mabibi wengine je? Sijamkosea hata mmoja, leo wote wanajua nimewakosea. Chukua brashi zako, na bango lako ulishushe.

— Bango liache. Lina kazi nzuri.

— Mimi na wewe tumemaliza, Isack.

Alishusha ngazi yake, bango akaliacha, akaondoka kwenye mvua. Baadaye ukaja ujumbe: "Win naapa. Temeke mama alilipanda kwenye kopo la rangi mlangoni. Tulijua ni ua." Winfrida akausoma, akaufuta, akajuta kuufuta, akaendelea kufuma. Sweta alilofuma jioni hiyo alilifumua lote.

Kesho yake mabibi wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa bibi Mektrida wa Kibosho, na mwavuli wake na sweta lake na jani lake.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba. Nimekusamehe, mjukuu wangu. Sasa nataka kujua umenikosea nini.

Winfrida alijaribu kueleza kuwa ni urembo tu wa biashara. Bibi hakuelewa urembo gani huo. Aliligeuza sweta nje ndani akitafuta tundu, akauliza kama uzi umechanganywa, na alipokosa kosa akaondoka na wasiwasi zaidi ya aliokuja nao. Wengine walikuja hivyo hivyo. Mmoja alisema alikuwa anajua siku nyingi kwamba ni Winfrida aliyemsema vibaya kwenye kikundi cha akina mama, na sasa yameisha. Winfrida hakuwahi hata kumjua. Alikuwa na haya, na hasira, na katikati ya hayo alimkumbuka Isack, ambaye kwa hakika angecheka.

Mchana mvua ilipopumzika, koti la Jumapili likasimama mlangoni, na haikuwa Jumapili.

Winfrida aliinuka. Mzee Aminieli alikuwa amepungua. Shingo ilikuwa ndogo kuliko kola.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu.

Neno hilo la mwisho lilikuwa halijaingia masikioni mwake kwa miaka. Mzee hakukaa. Alitazama mashine, akatazama masweta yaliyoning'inia, akasoma majina ya watoto moja moja kimya kimya kama anayesoma orodha ya wabatizwa. Kisha akatoa jani mfukoni, limenyauka kidogo, akalishika kwa mikono miwili. Alisema nyama imetengwa, ndugu wameitwa, Jumamosi apande nyumbani.

Hapa, msomaji, ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angesema tu "asante baba" na kila kitu kingemwangukia mkononi: nyumbani, posa, harusi. Isack angerudi. Mzee asingejua mpaka anaingia kaburini. Winfrida alifungua mdomo kusema hivyo, akashindwa. Msamaha wa kuokota hakuutaka, hata kama ulikuwa mtamu kiasi gani.

— Baba, hilo jani sikulituma mimi.

Mzee aliligeuza jani mkononi, akalitazama upande wa pili.

— Ni tangazo la biashara. Limefungwa na mtu asiyejua maana yake, kwenye vifurushi vyote. Mimi sikuwa nimekuomba msamaha. Samahani kama umechinja.

Mzee Aminieli aliliweka jani juu ya meza. Kisha akaingiza mkono mfuko wa pili wa koti, akatoa jani jingine, bichi, kikonyo chake bado kina maji.

— Sawa, alisema. Lile halikutoka kwako. Hili limetoka kwangu. Nimelikata mwenyewe asubuhi, kule kwenye mpaka alikopanda mama yako.

Winfrida alizunguka meza, akamsogelea.

— Nilikuwa nije nalo hata hivyo, mzee aliendelea. Niliposhika lako, nikaona aibu. Mtoto ananiomba msamaha, na aliyeuza mashine ni mimi. Nimeitafuta hiyo mashine hadi Bomang'ombe. Siipati, Winfrida. Nimekuja na jani tu.

Winfrida alilia. Alilia kwa sauti, mbele ya wateja, na hakuona haya hata kidogo. Akalipokea lile jani bichi kwa mikono miwili, kisha akaliokota lile lililonyauka, akampa baba yake.

— Na hili sasa nakupa mimi. Kwa maneno niliyosema mbele ya wageni.

— Aika, asante, mwanangu. Yameisha.

Akakaa sasa. Akaomba chai. Akauliza huyo mtu asiyejua isale ni nani, na Winfrida akamweleza yote, na kwamba amemfukuza kwa kudhani ni hila. Mzee akaanza kutikisika mabega, na Winfrida akaogopa, kumbe anacheka.

— Umesema alifunga kwenye vifurushi vyote? Mpaka vya Kibosho?

— Vyote, baba.

— Mwenye hila angefunga kimoja tu. Huyo hana hila. Huyo hakufundishwa. Mlete, tumfundishe.

Kisha akasimama, akafungua vifungo vya koti, akanyoosha mikono pembeni.

— Nipime. Na mimi nataka lenye jina.

— Watu wazima hatuwaandiki, baba.

— Mimi utaniandika. Andika BABA WINFRIDA.

Huko kwetu mzee huyo tangu ujana wake anaitwa Baba Eliamini, kwa jina la mtoto wake wa kwanza wa kiume, kaka yake Winfrida. Winfrida alimpima kifua, akaandika kipimo, na chini yake akaandika jina.

Isack alikuwa juu ya ngazi, anachora jino la daktari wa meno mtaa wa pili. Winfrida alisimama chini na jani mkononi.

— Shuka.

— Nasikia kutoka huku.

— Nilikusingizia. Ulisema kweli, sikukuamini. Shuka, ngazi haipokelei jani.

Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. Aliliangalia jani kwa heshima ambayo hakuwa nayo wiki iliyopita.

— Nikilipokea, siruhusiwi kukataa?

— Huruhusiwi.

— Hata siku moja baadaye, tukigombana, siwezi kulikumbushia?

— Yakiisha yameisha.

— Basi nipe, maana nimekumiss mpaka jino hili limetoka na sura yako.

Winfrida alitazama juu. Kwa kweli lilikuwa limetabasamu.

Habari ya duka ilizunguka mlima mzima, na ikafanya ambalo bango halikufanya. Watu wakaanza kushuka bila kuwa na mjukuu. Ndugu waliokosana mpakani, mashemeji walionuniana, mama na mkwe wake, kila mtu alitaka kumaliza kabla ya Krismasi, na kila mtu alitaka sweta lenye jina la aliyemkosea, pamoja na lile jani lake. Isack alisema hapo pana biashara, wafunge majani. Winfrida alikataa katakata, akampa brashi, akamwambia cha kuandika. Bango hilo lilikaa mlangoni hadi rangi ilipokwisha: SWETA TUNAUZA. ISALE KAKATE KWENU.

Mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi, ilipelekwa Machame, ikapokelewa. Harusi ilikuwa Desemba, mlima mzima umejaa watu wa Dar na watoto wao wenye majina vifuani. Jua siku hiyo lilikuwa kali, hakuna aliyehitaji sweta. Mzee Aminieli alimshika binti yake mkono akampeleka hadi madhabahuni, koti la Jumapili limeachwa wazi, na ndani yake sweta zito la kijivu lenye herufi nyeupe. Jasho lilimtiririka. Mchungaji alisoma kilichoandikwa, kwaya ikasoma, majirani waliokuwapo siku ile ya ugomvi wakasoma. Eliamini alimwinamia akamnong'oneza baba afunge koti, watu wanatazama.

— Waache, alisema mzee. Nimelivaa ili wasome.