Chumvi ya Mashine Kuukuu

Jioni, baada ya mkate na jibini, kazi ya Tabea ilikuwa kupanga vyombo katika mashine ya kuoshea. Sahani alizisimamisha chini, glasi akaziweka juu, kisha akausukuma mlango kwa nyonga, maana kwa mkono haukukubali kufungika. Mashine iliguna, ikatikisika, halafu ikaanza kunguruma hadi paka akakimbilia chumbani. Tabea alikuwa na miaka kumi na miwili. Mashine ilimzidi umri.

Ghorofa ya juu aliishi rafiki yake, Jorinde. Kwao walikuwa wamenunua mashine mpya, na watoto wa darasa lao walipanda ngazi kwenda kuitazama.

“Sikilizeni,” Jorinde aliwaambia.

“Mbona hatusikii kitu?” mmoja aliuliza.

“Ndiyo hivyo sasa! Iko kazini. Kile kidoa chekundu cha mwanga inachomulika sakafuni kikizimika, ujue imemaliza, na mlango unajifungua wenyewe.” Akamgeukia Tabea. “Ya kwenu bado inanguruma kama trekta la shamba la zabibu? Wenzio tunaisikia mpaka kitandani!”

Wote walicheka. Tabea alicheka pia. Glasi za akina Jorinde zilimetameta. Aliporudi kwao, hata maji aliyokunywa aliyaona hayana ladha. Kwa nini Jorinde apate kila kitu? Baiskeli mpya yeye, viatu vipya yeye, na sasa hata sahani zake chafu zinaoshwa kifahari!

Mji wao uko kwenye vilima vya mawe ya chokaa, na maji yake ni magumu, yamejaa chokaa. Kwa hiyo mashine hizo hutiwa chumvi yake maalumu, izisaidie kuyalainisha maji. Bila chumvi hiyo, chokaa huganda ndani na kuziba kila tundu. Nyumbani kwao, kuitia ilikuwa kazi ya Tabea. Taa ya kukumbusha ilikuwa imeungua siku nyingi, lakini hakuna aliyejali, kwa kuwa Tabea hakuwahi kusahau.

Mwezi ule hakusahau pia. Aliichukua chumvi, akatoka nayo, akaimwaga juu ya barafu ya ngazi za nje, ikayeyuka nayo. Mwezi uliofuata alifanya vilevile. Mama alipouliza, alijibu, “Nimeshatia, Mama.” Moyoni alijiambia kwamba mashine ikifa, watanunua mpya, na mpya itakuwa nzuri kuliko ya Jorinde.

Kabla majira ya baridi hayajaisha, glasi zilianza kutoka na ukungu mweupe, sahani zikatoka na mabaki ya chakula. Mwishowe maji yakakataa kupata moto.

“Tununue nyingine tu,” alisema Mama. Alikuwa muuguzi katika hospitali iliyo kilimani, na kwa muda mrefu alikuwa akiweka akiba ya baiskeli ya umeme, maana kupanda mlima ule kwenda zamu ya usiku kulimuumiza magoti. “Baiskeli itasubiri mwakani.”

Furaha aliyoitarajia Tabea haikuja.

“Kwanza tuulize,” alisema Baba. Jumamosi alifungua vipande viwili, mkono wa kurushia maji na kipasha maji, akavitia kikapuni, yeye na Tabea wakaenda navyo kwenye ukumbi wa kanisa. Pale, mara moja kila mwezi, watu wenye ufundi hujitolea kutengeneza vitu vilivyoharibika, huku wengine wakinywa kahawa na kula keki. Sharti lao ni moja: huachi kitu ukaondoka. Unakaa na fundi na kumsimulia kilichotokea.

Fundi wao alikuwa Bi Gundula, mwalimu mstaafu wa kemia. Alikigeuzageuza kile kipasha maji kilichovaa chokaa kama koti.

“Ehe, huyu mgonjwa alianzaje kuumwa? Chumvi mnatia?”

“Kila mwezi,” alisema Baba kwa fahari. “Ni kazi ya binti yangu huyu. Kwa hilo simtilii shaka hata kidogo.”

Bi Gundula alitikisa kichwa. “Kama chumvi inatiwa na chokaa bado iko hivi, basi kilainisha maji chenyewe kimekufa. Kwa mashine ya umri huu, nisingekushauri utengeneze. Kanunue mpya, ndugu yangu.”

Hilo ndilo neno ambalo Tabea alikuwa amelisubiri majira yote ya baridi. Alichohitaji kufanya ni kukaa kimya. Akilini akamwona Mama akisukuma baiskeli yake mlimani usiku, ameinama juu ya usukani.

“Sikutia,” alisema kwa sauti ndogo.

“Umesemaje?” Baba aliuliza.

“Chumvi, Baba. Niliimwaga kwenye barafu. Niliwadanganya.” Machozi yalimtoka. “Nilitaka ife. Nilitaka tuwe nayo kama ya akina Jorinde.”

Uso wa Baba ulimuumiza Tabea kuliko kofi. Bi Gundula alimsogezea leso.

“Basi kilainisha maji huenda ni kizima,” alisema taratibu. “Chokaa ya mkono huu itayeyuka kwenye asidi ya limau. Kipasha maji nunueni kingine, na chumvi itiwe. Inatengenezeka.”

Wakati wakisubiri kipasha maji, Tabea aliosha vyombo vyote kwa mkono, na Baba alisimama karibu akivifuta. Kipya kilipofungwa, mashine ilinguruma kwa nguvu zake zote, na glasi zikatoka safi. Mama alizishika moja moja mbele ya taa, kisha akaketi karibu na binti yake.

“Baba yako amenieleza yote. Nami nilimwonea wivu mama yake Jorinde kwa mashine ile,” alisema. “Nilikasirika siku nzima, mpaka nikamwambia baba yako, tukacheka. Kuona wivu si kosa, mwanangu, humjia kila mtu. Kosa ni kuuficha, kwa sababu ukiuficha unaanza kukutuma. Ulikutuma uharibu, kisha ukakutuma useme uongo kwa watu wanaokuamini. Pale ukumbini uliukatalia, ingawa ungepata ulichokitaka. Hilo tumeliona, mimi na baba yako. Siku nyingine wivu ukija, njoo uniambie mapema.”

“Hata kama ni wivu wa kijinga?”

“Huo ndio uniambie mbio mbio,” alisema Mama.