Shimo Lililofutwa Mwezini

Kila Alhamisi, jua likielekea kuzama, wanafunzi wa klabu ya anga katika shule moja mjini Kitale walitoa darubini yao uwanjani. Nasambu wa Gredi ya Nane ndiye aliyesimamia kamera, na kazi hiyo aliiringia, tusimfiche. Akishapiga picha ya mwezi, alitakiwa kufunika mdomo wa darubini kwa shuka nyeupe na kupiga picha nyingine ya weupe mtupu. Kompyuta ililinganisha picha hizo mbili, ikaondoa vivuli vya vumbi lililoingia ndani. Na msimu wa kupukuchua mahindi, vumbi la Kitale halibishi hodi.

Alhamisi moja Nasambu aliharakisha kwenda nyumbani, akaruka kazi ya shuka. Huko akaona doa la kijivu kwenye picha. Akalisugua kwa programu ya simu mpaka likaisha.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Kimeli, mlezi wa klabu, aliitazama picha akafurahi. “Kesho hii itaenda maonyesho ya sayansi ya Kanduyi. Wewe ndiye utaieleza.”

Nasambu alivimba kichwa. Lakini saa ya mapumziko alipoilinganisha na picha ya mwezi uliopita iliyobandikwa ukutani, alishtuka. Pale alipofuta doa palikuwa na shimo dogo la mwezini. Alikuwa amelifuta pia.

“Si uache tu, bana,” rafiki yake Jelagat alisema. “Nani atahesabu mashimo ya mwezi?”

“Mimi nimeshahesabu.”

Alimfuata Mwalimu Kimeli ofisini. “Mwalimu, ile picha ni ya uongo. Niliruka shuka, halafu nikafuta doa na simu. Nimefuta na shimo la ukweli.”

Mwalimu alikunja uso. “Kamera uliitoa kwenye darubini?”

“Hapana. Iko vile niliiacha.”

“Basi vumbi halijahama. Leta shuka.”

Waliipiga picha ya shuka uwanjani mchana uleule. Kompyuta ilipomaliza kazi yake juu ya picha ya kwanza, iliyokuwa bado kwenye kamera bila kuguswa, doa likatoweka na shimo likabaki. Nasambu karibu alie kwa furaha.

Kesho yake huko Kanduyi, jaji mmoja aliinama mbele ya meza yao. “Mwezi huu ati haujapakwa na simu?”

“Huu haujapakwa,” Nasambu alijibu. Kisha, bila kuulizwa, akatoa ile picha aliyoiharibu. “Huu ndio nilipaka. Tafuta shimo lenye limepotea.”

Jaji alilitafuta mpaka akalipata, akaita majaji wenzake waje waone. Nasambu aliwaeleza kosa lake tangu mwanzo, sauti yake ikizidi kupata nguvu.

Mwalimu Kimeli aliwageukia wanafunzi wake. “Picha nzuri inaweza kupigwa na yeyote. Ya kuaminika inapigwa na mtu anayekubali kosa lake kabla hajashikwa. Leo najivunia kuwa mwalimu wa huyu.”

Nasambu alisimama wima kando ya picha zake zote mbili.