Doa Usawa wa Kifua

Wallahi, macho yangu haya yapasuke yote mawili kama kuna neno hapa nimeongeza! Wapo wanaosema mimi huongeza. Waleteni.

Palikuwa na fundi mwashi, watu wakimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia ukuta ulionyooka, kwa sababu kila akipita mbele ya nyumba iliyojengwa na mwenzake alisimama, akafumba jicho moja, akasema, "Umelala huo." Angekutana na mlima angeukosoa. Nyumba yake aliijenga mwenyewe, na akianza kuisifia mate yalifika barabara ya pili.

Basi katika nyumba hiyo hiyo likatokea doa la maji. Chumba cha kulala, upande wa kitanda, pale mkewe alipoegemea kumnyonyesha mtoto wao wa kwanza. Dogo tu, kama mdomo wa kikombe, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa.

"Mume wangu, ukuta unalowa."

"Ukuta wangu haulowi. Huo ni mgongo wako, unatoka jasho kama punda."

Lakini alikwangua, akapiga lipu upya. Doa likarudi, safari hii kama sahani. Akapaka rangi ya mafuta. Doa likaitema rangi, nayo ikaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Na tangu doa lianze, maziwa ya yule mama yakaanza kukauka. Mtoto ananyonya hewa, analia mpaka sauti inakatika, vimikono vimebaki kama mpini wa kijiko. Timazi akasonya.

"Hata hilo linakushinda? Ng'ombe hajaenda shule na anaweza."

Mkewe akamwita fundi bomba.

"Huyo?" Timazi akacheka. "Huyo akiziba bomba kwako, linavuja kwa jirani."

Fundi bomba akafunga koki zote, akachungulia mita, imetulia tuli. Akagonga ukuta, akatega sikio.

"Bwana Timazi, bomba zako zote ziko upande wa pili. Huku hakupiti hata tone." Akagusa doa, akanusa kidole, uso ukambadilika. "Shemeji, hebu nusa na wewe."

Mama wa watu akanusa. "Maziwa," alinong'ona. "Yameanza kuchacha."

Fundi bomba alitoka mbio, akaacha hata spana yake, na mpaka leo ipo pale.

Timazi akasema wote wajinga, atakaa mwenyewe autazame ukuta wake. Ilikuwa mchana kweupe. Mkewe amepitiwa na usingizi palepale kitandani, mgongo ukutani, mtoto mapajani. Nyumba ikanyamaza, jua likipiga bati mpaka linalia, na Timazi kwenye kigoda chake akasikia kitu kidogo, chwi, chwi, chwi, akadhani ni mtoto, akamtazama mtoto, mtoto amefumba mdomo, akatazama dirisha, akatazama dari, na ile chwi, chwi ikaendelea, ya ulafi, inatoka ndani ya ukuta, na doa likawa linabonyea na kujaa, linabonyea na kujaa, kama shavu, na nguo ya mkewe mgongoni ikaloa na kuvutwa, ikavutwa mpaka ikagandia lipu, kisha kukawa kimya, na katika kimya hicho ukuta ukacheua.

Fundi mkubwa huyo alikimbia nje kwa kuruka dirisha.

Akaletwa bibi mmoja mganga, mfupi, mkali, hana muda na mtu. Akaweka kiganja kwenye doa, akamgeukia Timazi.

"Nyuma ya ukuta huu ulimwaga nini cha moto?"

"Sikumwaga kitu. Nilichemsha chokaa tu, ile ya mawe, ukiitia maji inatokota yenyewe."

"Saa ngapi?"

"Jua linazama."

"Ukawaambia wapishe?"

"Nani? Kunguni?"

"Na hukusikia kitu?"

"Paka alilia. Nikamwambia nenda kafie mbele."

"Hakuwa paka," bibi akasema, taratibu sana. "Alikuwa jini, mama, ana wa kwake kifuani. Mama kaungua. Mtoto kabaki, na mtoto lazima anyonye. Muombe radhi, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. La sivyo huyu wako hamalizi wiki."

"Niuombe radhi ukuta? Nilioujenga mimi?"

Hapo mkewe akasimama, mtoto begani. "Chagua. Ukuta, au sisi."

Timazi akasogea, amebetua mdomo kama aliyeambiwa alambe kiatu. "Haya, samahani, wewe yatima wa matope. Mwache mke wangu. Kama ni mama unataka, si unichukue hata mimi!" Akacheka peke yake.

Bibi hakucheka. "Hawa hawajui utani, mwanangu."

Doa likakauka wakilitazama, kama nguo chini ya pasi. Kifua cha mama kikajaa papo hapo, mtoto akanyonya mpaka akalala.

"Mmeona?" Timazi akatamba. "Lipu tu ilikuwa haijak—"

Akajitazama. Shati lake limelowa mbele, madoa mawili ya mviringo, usawa wa kifua.

Siku hizi anavaa koti juani. Ukimuuliza, anasema jasho. Akipita kwenye nyumba ya mwenzake hafumbi jicho tena, anapita ameinama, mkono mmoja chini ya koti kama aliyebeba kitu, na akisimama huyumba polepole, mbele, nyuma, anabembeleza. Amekonda, nguo zinamning'inia. Mtoto wake ameshaacha ziwa, anakimbia na mpira. Yule mwingine bado.

Sasa jamani, hili liishie hapahapa. Mkewe aliniambia mimi tu, nami nilimwahidi sitafungua mdomo. Mkikutana na Timazi msalimieni vizuri, msimtazame kifuani, na mkisikia chwi, chwi, zungumzeni habari za mvua.