Mwenye Kuleta Ndiye Huonja

"Dada, hii nazi inasema kitu, ama ni masikio yangu?"

Kanze aligeuka. Jumamosi asubuhi sokoni Kongowea hakupiti sindano, wenye mikokoteni wapiga kelele watu wapishe, na mbele yake amesimama mwanamume mrefu mwenye jaketi la kung'aa la watu wa makontena, nazi kaiweka sikioni.

"Nazi haisemi. Yalia maji," akamjibu. "Ikinyamaza imekauka, usinunue."

"Na hii?"

Akaipokea, akaitikisa. "Hii nzima. Watoka bara wewe."

"Umejuaje?"

"Mtu wa pwani hasikizi nazi kama mwenye kupokea simu."

Mwanamume alicheka kicheko cha kweli, hata muuza nazi akacheka naye. Jina lake Justus, kwao Makueni, anaendesha foklifti kwenye yadi moja huko Changamwe. Alimtazama Kanze na dera lake la manjano, na nywele alizosuka mwenyewe kwa mikono yake, maana ususi ndiyo kazi yake, akamwomba namba. Kanze akampa. Akampa namba ya saluni, si yake.

Ndivyo alivyo Kanze, msishangae. Msichana huyu wa Mishomoroni, umpe peremende, ataifungua, aitazame, ainuse, kisha akuulize kwa nini umempa. Shaka kwake ni kama chumvi, haikosekani kwa lolote.

Lakini Justus alipiga. Akapiga tena na tena, mpaka Lavender, msusi mwenzake, akamsukumia simu. "Chukua mtu wako! Mimi nina kichwa cha watu hapa, nusu nimesuka nusu bado!"

Basi yakaanza. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila jioni simu.

"Laazizi wangu," Justus akamwambia siku moja.

"Laazizi! Nani kakufunza?"

"Wewe. Juzi ulimwita paka hivyo."

"Yule paka namjua tangu mdogo. Wewe bado nakuchunguza."

"Nichunguze polepole basi. Krismasi unataka nini?"

Kanze akafikiri, kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Wakati mmoja aliitwa kwenye hoteli ya Shelly Beach kumsuka mgeni, na mgeni yule akamwagizia kinywaji cha sikukuu. Cheupe pee, kizito, baridi, juu kimenyunyizwa kungumanga, na ukingo wa glasi umepakwa chicha la nazi lililokaangwa. "Nilipiga funda moja nikafumba macho, Justus. Nikauliza jina, nikatajiwa jina refu la kizungu, nikalisahau papo hapo. Ladha sijaisahau."

Kanze akasubiri jibu.

"Uko?"

"Niko. Nasikiza."

Tangu siku ile mambo yakabadilika. Simu za jioni zikapungua. Akimpigia, mara haipatikani, mara, "Nitakupigia dia, niko jikoni kidogo." Jikoni! Mwanamume asiye na mke, aliyezoea chapati na maharagwe ya kibandani, ana nini jikoni kila jioni? Dalili ya mvua ni mawingu, Kanze akasema moyoni, akaanza kuyatazama mawingu.

Jumapili moja kabla ya Krismasi, Justus akamwalika kwake Magongo baada ya kanisa. Kanze alivaa gauni la bluu lililomkaa vizuri na moyo uliokaa vibaya. Chumba alikikuta kimefagiliwa, mapambo ya karatasi ukutani, mdalasini wanukia mpaka nje.

"Keti, mpenzi. Leo utanyamaza mwenyewe."

Akakalia mbuzi kukuna nazi, magoti yamemfika mashavuni, Kanze akacheka hata akasahau shaka yake. Akakamua tui la kwanza, lile zito. Akalitia kwenye blenda pamoja na maziwa matamu ya kopo, lavani, iliki na barafu. Mwisho akaleta chupa ya brandi, akaimimina kidogo kidogo huku mashine yazunguka. Ukingo wa glasi akaupaka chicha. Juu akakuna kungumanga.

Kanze alikuwa na furaha wallahi, mpaka alipoitazama ile chupa vizuri. Ilikuwa nusu. Akatazama kwenye beseni la vyombo. Glasi mbili, na moja ina alama ya rangi nyekundu ya mdomo.

Justus akamletea glasi moja tu. Akakaa mbele yake, mikono magotini, akimtazama mdomo.

"Yako iko wapi?"

"Hii ni yako."

"Onja wewe kwanza."

"Aa, mgeni ndio anaanza."

"Justus, onja."

Sasa sikizeni. Kwao Kanze, kwa Wagiriama, mtu akikuletea kinywaji huanza yeye. Hupiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi, ujue hamna kitu ndani. Asiyeonja ana lake jambo. Hili halifunzwi, mtoto hukua nalo. Kwa hivyo Kanze hakumweleza. Nani huelezwa kwamba moto huunguza?

"Siwezi," Justus akasema, uso umembadilika. "Mimi sinywi pombe."

"Hunywi! Na hii nusu chupa imenywewa na panya?"

Justus akaitazama chupa, kisha vyombo, na macho yake yakamsaliti. "Ni jirani yangu..."

"Jirani mwenye midomo myekundu! Alaa! Kwa hivyo wawili mwakaa hapa mwanywa, mimi naambiwa uko jikoni?"

"Kanze, ngoja nikwambie..."

"Kamwambie jirani." Akaweka glasi chini, tone halikumgusa ulimi, akatoka.

Kesho yake saluni, Lavender alimsikiliza akiwa na chanuo mdomoni, kisha akalitoa ili aseme vizuri. "Shoga yangu, kamshukuru Mungu wako. Hiyo ni dawa umetiliwa! Ungeamka uko Mariakani, huna simu, huna viatu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Lakini alikuna nazi mwenyewe, Lavender."

"Na mwizi hubisha hodi."

Kanze alicheka, kisha akalia, machozi yakamwangukia mteja kichwani. Alimpenda yule mtu, hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa hampendi angekunywa tu, liwalo na liwe.

Jioni simu ikalia.

"Niambie nimekosa nini," Justus akasema.

"Jiulize."

"Nimejiuliza nimechoka."

"Basi jirani akupokee, nawe upumzike." Akakata.

Palikuwa na tatizo moja. Mamake Kanze, tangu hapo nyuma, alikuwa amekwisha kumwalika Justus kula Krismasi Mishomoroni ili babake Kanze, Mzee Kadenge, amwone. Mama alipoambiwa amfute, alisema mwaliko si ubao wa shule. Na Mzee Kadenge ana desturi yake, akimfungia mtu mlango haufungui tena, hata aje na wazee wa kanisa. Kanze alijua wazi, Justus akija na kinywaji chake asionje mbele ya baba, amekwisha. Angeweza kumtumia ujumbe mfupi kumtahadharisha. Aliuandika, akaufuta. Acha aje, akasema, nimwone ni nani. Hakulala vizuri siku zile.

Krismasi ikafika. Mikeka imetandikwa uani, pilau ya kuku iko tayari, Kanze yuko na leso mpya mabegani na uso wa mfiwa. Justus akabisha hodi na shati la kitenge lililopigwa pasi mpaka mikono yasimama, amebeba ndoo ya barafu yenye jagi ndani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Hicho ni nini?"

"Ni kinywaji cha Krismasi, mzee. Nimetengeneza kwa mkono."

Akamimina glasi ya kwanza, nyeupe pee, akampa Mzee Kadenge kwa mikono miwili, akainama kwa heshima. Mzee akaipokea, akamrudishia.

"Tangulia."

"Hapana mzee, wewe kwanza. Kwetu mtoto hamtangulii mkubwa."

"Naam, hilo ni adabu. Ila hapa u kwetu. Mwenye kuleta ndiye huonja, ndivyo tunywavyo tembo la mnazi tangu babu zetu."

Justus akageuka polepole akamtazama Kanze. "Ndicho ulikuwa unaniambia siku ile?"

Kanze akatazama mkeka.

"Mzee," Justus akasema, "mimi sinywi pombe."

Mama akaweka sinia chini. "Hunywi, nasi ndio utunyweshe?"

Shaka iliyokuwa ya Kanze peke yake sasa ikawa ya watu wote, na haikumpendeza kama alivyodhani.

"Nilikuwa na kaka, anaitwa Brandon," Justus akaanza. "Krismasi moja nyumbani rafiki yake alimletea chupa. Hakuna mtu aliyeionja kwanza. Kulipokucha alikuwa haoni. Siku iliyofuata tukampoteza. Tangu hapo mimi tone sijatia mdomoni. Lakini Kanze alitamani hiki kitu, mzee, nikasema nitamtengenezea tu."

"Bila kuonja ukajuaje ladha?" Mama akamuuliza.

"Kuna jirani, Mama Clifford. Mimi nachanganya, yeye anaonja, ananiambia lavani imezidi, tui limepungua. Ya kwanza nilitia ndimu, maziwa yakakatika, nikamwaga yote. Nusu ya hiyo chupa iliishia hapo."

"Na rangi ya mdomo?" Swali lilimtoka Kanze mwenyewe, kali.

"Mama Clifford ana wajukuu, Kanze. Hata akienda kutupa taka anapaka."

Mama akaziba mdomo asicheke. Mzee Kadenge hakucheka. "Maneno mazuri, mwanangu, na pole kwa ndugu yako. Lakini glasi ingali haijaonjwa."

Justus akaitazama glasi mkononi mwake. Akavuta pumzi, akainua. Mkono ulimtetemeka hata barafu ikagonga kioo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesimama makaburini.

Kanze alimwona. Hakuwa na ushahidi wowote. Huyo Mama Clifford huenda hayuko, brandi huenda ilinywewa, Brandon huenda ni hadithi. Alikuwa na ule mkono tu unaotetemeka, ulio tayari kuvunja kiapo ili Justus aaminike kwa Mzee. Na yeye, Kanze, ndiye aliyemleta hapo kwa kunyamaza. Aibu ikamshika, na penzi likamshika kwa nguvu zaidi.

Akaruka, leso ikamwanguka, akamnyang'anya glasi.

"Hutaonja! Naonja mimi."

Akapiga funda, si dogo. Tui likamteleza kooni baridi na zito, iliki ikapanda puani, brandi ikamchoma taratibu kwa nyuma. Tusidanganyane, ile ya hoteli ilikuwa tamu zaidi.

"Kungumanga imezidi," akasema, machozi yamtoka.

"Mama Clifford alisema iko sawa!"

"Mama Clifford hajui kitu. Nisamehe, Justus. Ningeweza kukuambia, nikanyamaza makusudi nikupime. Nilikosa."

"Kanze!" Mama akajipiga kifua. "Wajua ulilofanya?"

Mzee Kadenge alikuwa amesimama. Hajafunga mlango, hajaufungua. "Kijana," akasema, "kwetu mwanamume akileta kinywaji nyumbani, na binti akakionja mbele ya babake, hiyo si sikukuu tena. Huyo binti amesema. Mahari na wazee wenu watakuja baadaye. Ila ni lazima aulizwe kwa mdomo, asije kesho akaniambia alikuwa na kiu."

Mzee akamgeukia binti yake.

"Kanze, mwanangu."

"Abee, baba."

"Kinywaji hiki cha mtu huyu, tukinywe au tukimwage?"

Kanze alimtazama Justus, shati lake limelowa jasho, macho yake mekundu yamuuliza bila kuuliza. Aliogopa. Hakuna wa kumhakikishia lolote, na hakutaka tena kuhakikishiwa.

"Kinyweni, baba," akasema. "Kinyweni chote."